Betri Iliyofungiwa Kwenye Buti

Sadock Mligo wa Kichiwa aliendesha malori miaka thelathini na mmoja. Alipeleka mbolea Zambia na kurudi na shaba, alibeba saruji, mahindi na mbao, na hakuwahi kuangusha hata gunia moja njiani. Mtu wa namna hiyo huwa anaamini hakuna gari litakalomfundisha kitu. Ndiyo maana Jumatano ile jioni, aliposukuma kifuniko cha buti la gari lake la Kijerumani na kukisikia kikijifunga polepole, klik, alitabasamu kabisa.

Gari lenyewe lilikuwa la kutabasamia. Jeusi, viti vya ngozi vinavyopata joto kwa kubonyeza, kioo cha dashibodi kikubwa kuliko runinga ya jirani. Binti yake Rejoice, mfamasia huko Dar es Salaam, alimpa mwaka juzi aliponunua jingine. Sadock alilipenda kupita kiasi: aliliosha, akalifunika turubai, na hakuliendesha. Jumapili lilikwenda kanisani, kilomita mbili kwenda na mbili kurudi, na zaidi ya hapo aliona ni kulichosha bure.

Na kila jioni alichomoa waya wa betri. Huo ni mtindo wa madereva wa malori wa Makambako. Ukilaza gari kwenye baridi ya kule, unachomoa waya ili betri nayo ilale, asubuhi inaamka na nguvu zake. Tatizo ni kwamba betri ya gari hili imewekwa nyuma, chini ya sakafu ya buti, na buti linafunguka kwa umeme tu. Sadock alilijua hilo tangu mwanzo, kwa hiyo kila alipochomoa waya alibana kipande cha gunia kwenye mdomo wa buti lisije likajifunga. Lakini Jumatano ile alikuwa ameliosha gari na kulipaka nta mpaka linang'aa, na lile gunia akaliona linaharibu sura. Akalitoa, akafunga buti, akaingia ndani.

Alikuwa ameshavua viatu ndipo akakumbuka kwamba waya wa betri umechomolewa, na betri iko ndani ya buti, na buti halifunguki bila betri.

Mtu mwingine angecheka. Sadock alikaa kwenye kochi na kiatu kimoja mkononi, jasho likimtoka katika baridi ya mwezi wa saba. Hakuwa na muda wa mizaha, kwa sababu keshokutwa yake ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa saa nane mchana mke wake Ema alikuwa anastaafu.

Ema alikuwa muuguzi katika hospitali ya Ilembula kwa miaka thelathini na sita. Siku za kazi aliishi kwenye nyumba za watumishi, mwisho wa wiki alirudi Kichiwa. Katika miaka yote hiyo mume wake hakuwahi kwenda kumchukua hata mara moja. Si kwamba hakutaka. Rejoice alipozaliwa, Sadock alikuwa Tunduma anasubiri karatasi za forodha. Elius, mtoto wa pili, alipozaliwa, lori lilikuwa limevunja ekseli ng'ambo ya mpaka. Ema alirudi nyumbani kwa lifti za watu: gari la mchungaji, malori ya mahindi, pikipiki, na watoto wote wawili walifika Kichiwa mara ya kwanza wakiwa wamepakatwa kwenye magari ya wengine. Hakulalamika, na huko kutolalamika ndiko kulikomkaa Sadock rohoni kuliko kelele yoyote.

Mwezi wa tano alimwambia, "Mama Rejoice, siku yako ya mwisho nakuja mwenyewe. Usitafute lifti."

"Sawa, Baba Rejoice," alijibu Ema, kwa sauti ile ile anayowaambia wagonjwa kwamba sindano haitauma.

Betri nayo ilikuwa imechoka tayari. Wiki mbili mfululizo kioo cha dashibodi kilikuwa kinaandika maneno mekundu, na Sadock alikuwa amepanga kwenda kununua nyingine Alhamisi. Sasa ilimbidi akachague betri mpya bila kuiona ya zamani, wala kusoma ilichoandikwa, na bila kumwambia mtu yeyote kwa nini.

Duka la betri la Seleman liko Makambako, kando ya barabara kuu. Seleman ni mtu wa Tanga aliyekuja na lori akaoa hapo hapo akabaki. Yeye na Sadock waliwahi kuendesha malori ya tajiri mmoja. Siku hizi Seleman anakaa kitini na kikombe chake cha kahawa, na kazi ya ufundi anaifanya binti yake Zamda, aliyesomea umeme wa magari chuoni.

"Kamwene, Mzee Mligo," alisema Seleman, ambaye Kibena chake kinaishia kwenye salamu hiyo.

"Kamwene. Nataka betri."

"Ya gari gani?"

"Langu."

Seleman akamwonyesha betri zilizopangwa sakafuni. Sadock akafanya kile alichofanya maisha yake yote, akaanza kuziinua moja baada ya nyingine. Kwake yeye betri ni madini ya risasi, na risasi ni uzito, na anayekuuzia betri nyepesi amekuibia. Ya kwanza aliirudisha kwa dharau, ya pili na ya tatu hivyo hivyo. Ya nne ilimkaza kiuno.

"Hii," alisema, akiwa hajanyooka bado.

"Hiyo inawasha lori la semi."

"Basi kuwasha gari dogo itaona ni mchezo."

Zamda alitoka nyuma ya duka akijifuta mikono kwa kitambaa. "Shikamoo, baba mkubwa. Hiyo ni ya lile gari jeusi la dada Rejoice?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo."

"Ile ya zamani umekuja nayo? Niione imeandikwaje."

"Nimeiacha nyumbani," alisema Sadock, na hapo hakudanganya.

"Basi mpigie mtu aipige picha atutumie."

"Nyumbani hakuna mtu."

"Unakumbuka ilikuwa ya kuongezwa maji, au iliyofungwa kabisa?"

Sadock akatazama bati la paa kana kwamba jibu limeandikwa huko. Zamda alimsubiri kwa adabu, kisha akaichukua ile betri ya semi na kuirudisha mahali pake.

"Hii sikuuzii, baba mkubwa."

Seleman alipaliwa na kahawa. Hakuwahi kuona mteja akirudishwa dukani kwake akiwa amekaa hapo hapo anatazama.

"Betri ya gari lako inakaa ndani pamoja na watu," Zamda aliendelea. "Hii ya maji inapumua tindikali. Ukifunga safari, mama Ema atakuwa amekaa humo anaivuta. Halafu ni ndefu, sakafu ya buti haitafunika. Halafu gari lile linajizima likisimama na kujiwasha lenyewe, betri ya kawaida hailiwezi. Ndiyo maana nataka kuiona ya zamani."

Alipotajiwa Ema, Sadock aliishiwa ujanja. Akakaa kwenye kreti tupu akasema yote: waya, gunia, nta, buti. Seleman aliweka kikombe chini kwa uangalifu, akasema anakwenda kuangalia kitu nje, na baada ya muda kidogo kicheko chake kikasikika kutoka upande wa pili wa ukuta.

Zamda hakucheka, ingawa mdomo ulimcheza. "Kulifungua buti niachie mimi. Mbele, chini ya boneti, pana mahali pa kuingizia umeme, buti litafunguka. Lakini huo mtindo wa kuchomoa waya uache. Betri yako haikuuawa na baridi. Imekufa kwa kukaa. Kanisani na kurudi haitoshi kuijaza."

"Nilikuwa nalitunza."

"Najua, baba mkubwa. Umelitunza mno."

Sadock alikuwa na kadi ya gari mfukoni. Zamda akachukua namba ya chasisi, akaiingiza kwenye simu, na baada ya dakika chache akajua betri inayotakiwa. Ilikuwa aina inayoitwa AGM, ambayo tindikali yake imenyonywa na vitambaa vya ndani, haimwagiki wala haitoi harufu. Akapiga simu mbili. Moja ilikuwa Njombe mjini, kwa Alois mwenye duka la vipuri. Nyingine ilikuwa Dar es Salaam, na betri ya huko ingepakiwa kwenye basi jioni ile na kufika Makambako Ijumaa saa tatu asubuhi.

"Nenda kaione ya Njombe kwanza," alisema Zamda. "Usiinue. Soma tarehe ya kutengenezwa, halafu mwambie aipime mbele yako."

Sadock akapanda basi dogo la Kosta mpaka Njombe. Alois, mtu mwembamba mwenye kofia ya sufu iliyoshuka mpaka kwenye nyusi, aliishusha betri kutoka rafu ya juu na kuifuta vumbi kwa kiganja. Ilikuwa nzuri kwa macho, na umbo lake lilikuwa lile lile alilolisema Zamda. Sadock akaiinua, maana tabia haifi kwa asubuhi moja. Uzito ulimridhisha.

"Mimi sikufichi, mzee," alisema Alois. "Niliagiza kwa ajili ya bwana mmoja wa mashamba ya chai, akahamishwa kabla hajaichukua. Soma mwenyewe."

Tarehe ilionyesha imekaa pale miaka mitatu. Kipimo kikasoma volti kumi na mbili na nukta mbili. Sadock akampigia Zamda.

"Mpya inasoma kumi na mbili na nukta nane," alijibu Zamda. "Hiyo imelala muda mrefu. Kesho itawasha, hilo nakuahidi. Mwezi wa kumi sikuahidi."

"Na ya Dar?"

"Ya Dar ni ya mwaka huu. Itakaa miaka. Ila basi ni basi, baba mkubwa, siwezi kuliapia."

Sadock alimwomba Alois ampe dakika kumi, akatoka nje, akanunua chai kwa mama mmoja aliyekuwa anapepea jiko karibu na stendi. Upepo wa Njombe ulimpita masikioni. Akili yake ya kwanza ilimwambia achukue hiyo hiyo. Kesho itawasha, na kesho ndiyo anayoitaka. Angefika Ilembula saa nane kamili, amevaa suti, buti linafunguka, na watu wote wangeona.

Lakini Jumamosi Ema angekuwa nyumbani. Na Jumapili, na Jumatatu. Dada yake Ema, Beatrisi, anaishi Songea, na hawajaonana miaka minane. Rejoice ana mtoto huko Dar ambaye bibi yake amemwona mara moja tu. Safari zote hizo Sadock aliziahidi, na zote alisema tutakwenda ukistaafu. Aliliona gari limekufa mbele ya nyumba ya Beatrisi, Ema amesimama kando na mkoba wake, anauliza taratibu kama kuna mtu anaelekea Njombe. Ahadi zinazodumu siku moja tu alikuwa ameshampa mwanamke yule nyingi mno.

Akamaliza chai, akarudi kumshukuru Alois, akapiga simu Makambako. "Zamda, agiza ya Dar."

Alipokata simu aliogopa. Aliogopa njia nzima ya kurudi, na Ijumaa aliamka anaogopa.

Saa tatu ilimkuta dukani kwa Seleman, basi halijafika. Saa nne halijafika. Seleman alipiga simu huku na huku, akaja na habari kwamba lori limeharibika kwenye mlima wa Kitonga na magari yamepanga mstari. Malori yaliyoharibika Kitonga Sadock aliyajua, mara mbili lilikuwa lake, na sasa alijiuliza ni watu wangapi waliokuwa nyuma yake kwenye mstari siku zile, na walikuwa wanawahi nini. Seleman, ambaye jana yake alicheka mpaka akashika ukuta, alimletea kahawa na kukaa naye bila kumtania. Ulikuwa wema mkubwa, na Sadock aliuona.

Basi lilifika saa tano na dakika kumi. Zamda akalifungua boksi hapo hapo, akaonyesha tarehe, akaipima, kumi na mbili na nukta nane, kisha wakaondoka kwenda Kichiwa kwa kigari chake kidogo, yeye akiwa usukani na Sadock amepakata betri mapajani kama mtoto wa kubatizwa.

Nyumbani, Zamda alifungua boneti, akaunganisha nyaya zake mbili kutoka gari lake, akabonyeza ufunguo. Buti lilifunguka polepole, kwa sauti ile ile ya Jumatano. Betri ya zamani ilikuwa imekaa pale na waya wake pembeni, kama alivyoiacha. Waliitoa, wakaiweka mpya, ikaingia kwenye kitanda chake bila kusukumwa, na sakafu ya buti ikalala juu yake sawasawa. Sadock alitaka kwenda kuvaa suti.

"Bado," alisema Zamda, akatoa mashine yake ya kupimia gari. "Sasa tuitambulishe."

"Kwa nani?"

"Kwa kompyuta ya gari. Isipoambiwa kwamba hii ni mpya, itaendelea kuichaji kama ile kuukuu, na itaiharibu."

Sadock akafikiri. "Utambulisho bila mshenga?"

"Mshenga ni mimi, baba mkubwa. Tulia."

Akatulia, ingawa kwa shida. Mashine ilifikiri, ikauliza, ikafikiri tena. Ilipomaliza ilikuwa imeshatimu saa saba na dakika kumi, na suti ilikuwa bado inaning'inia mlangoni. Sadock aliondoka na koti lake la kazi na mikono yenye grisi, na hakukumbuka hata kuaga vizuri.

Aliendesha kwa namna ambayo hakuwahi kuliendesha gari lile, na gari likaonekana lilikuwa linaingoja siku hiyo tangu mwaka juzi. Makambako aliipita. Kwenye barabara ya Mbeya alisimamishwa kwa kibendera na mafundi wa barabara, na alipokanyaga breki injini ikazima. Akajua betri imemwangusha. Kisha kibendera kikashushwa, akaachia breki, injini ikawaka yenyewe kabla hajaigusa, akajikuta anasema asante kwa sauti ndani ya gari akiwa peke yake.

Alifika kwenye geti la hospitali saa nane na dakika ishirini na tano. Mbele ya nyumba za watumishi ilisimama pikapu nyeupe, injini inanguruma. Nyuma yake kulikuwa na godoro lililofungwa kamba, cherehani, masanduku mawili na mabeseni ya zawadi yaliyofunikwa vitenge. Kwenye usukani alikuwa Patrick, mnunuzi wa mahindi, mmoja wa wale waliompa Ema lifti miaka yote. Ema alikuwa amekaa pembeni yake, mlango umefungwa, mkoba umewekwa magotini.

Ilimuuma Sadock, na alijua kwamba anastahili kuumia. Si kwamba alichelewa ndipo akatafutiwa mbadala. Mizigo ile haikufungwa kwa dakika ishirini na tano. Patrick alikuwa ameombwa mapema, pengine siku hiyo hiyo ya mwezi wa tano, mara tu baada ya Ema kusema "sawa, Baba Rejoice."

Akashuka na koti lake chafu, akasimama upande wa dirisha la pikapu.

"Nimechelewa, Mama Rejoice."

Ema alimtazama yeye, akatazama mikono yake, akatazama gari jeusi lililojaa vumbi la njiani. Hakuwahi kuliona na vumbi.

"Umechelewa," alisema. "Zamani ulikuwa hufiki."

Akafungua mlango, akashuka, akaunyoosha mkunjo wa gauni lake kama anayejiandaa kuingia wodini.

"Patrick mwanangu, naomba uvishushe."

"Vyote, mama? Godoro halitaenea kwenye lile gari."

"Godoro utatufuata nalo taratibu. Vingine vishushe." Akausukuma mlango wa pikapu ukajifunga. "Mume wangu amekuja kunichukua."

Patrick alikuwa amesikia, na alikuwa ameshaanza kufungua kamba. Hata hivyo Ema aliligeukia lile kundi la wauguzi waliokuwa wamesimama mlangoni kumuaga, akasema tena, safari hii kwa sauti ya kufika mpaka getini.

"Mume wangu amekuja kunichukua."